Mwamba wa Kavia Ukikauka

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Mtoni na punda kabla ya jua kupanda. Maji yamezidi kushuka chini ya mchanga. Nilichimba hadi bega likazama. Wanawake walinipisha kwenye shimo kwa adabu, kisha wakacheka nilipowapa kisogo. Siwalaumu. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, anachota maji kwa kata kama mwali. Marehemu mke wangu Rael angecheka kuwazidi.

Uji. Zaburi. Kufagia ua.

Alasiri aliwasili Nzioka, mwana wa dada yake Rael. Nilimwita mwenyewe. Anachonga twiga na vifaru vya mti pale Emali, anawauzia wasafiri wa barabara ya Mombasa. Alilelewa Kathonzweni, huku kwetu Kabati amefika mara chache tu, na mara ya mwisho alikuja kumzika Rael.

Nilimweleza haja yangu. Ninaomba anichongee Rael kwa mti mgumu, kwa kimo cha kusimama mezani, kati ya Biblia na taa. Picha yake ninayo moja, na mchwa wameila upande wa uso. Ninaanza kuisahau pua yake. Jambo hili linanitia hofu kuliko kifo changu mwenyewe.

Jumatano, 3 Septemba

Nzioka amekataa. Amekataa kwa upole, lakini amekataa.

Alisema, "Mwalimu, Mwaitu hakuwahi kukaa juu ya meza."

Mwaitu, yaani mama. Ndivyo alivyomwita Rael tangu utotoni. Akaniuliza, basi alikuwa akikaa wapi? Hilo nililijua. Nilimpeleka chini ya Kavia.

Kavia maana yake ni kijiwe. Ni mzaha wa wazee wetu, kwa kuwa mwamba huo ungeweza kubeba kanisa letu mgongoni na shule juu yake. Upande wa magharibi unateremka taratibu kama paa. Chini yake, kando ya njia ya mtoni, kuna jiwe la kupumzikia. Kila mwanamke atokaye mtoni hugeuka pale, hutua mtungi wa mgongoni juu ya jiwe bila kuvua ukanda wake kichwani, huvuta pumzi, kisha huendelea. Rael alipumzika pale miaka yote ya ndoa yetu. Jiwe limelainika kwa mitungi na migongo.

Nilimwonyesha pia tangi letu. Mwaka jana kina mama wa mwethya walikusanyika kwa kazi ya pamoja, wakajenga ukuta mfupi wa simiti kuzunguka ukingo wa mwamba ili kuyaongoza maji ya mvua hadi tangini. Mvua ilikuwa haba, na tangi halijajaa hata mara moja. Rael hakuliona.

Nzioka hakulitazama tangi sana. Aliketi juu ya lile jiwe akautazama mwamba kutwa nzima, akifumba jicho hili, kisha lile. Nilimpelekea viazi vitamu. Alivila bila kuviangalia.

Jumamosi, 6 Septemba

Amepata anachokitaka, nami sijui ni kitu gani. Aliniomba ruhusa ya kuugonga mwamba kwa nyundo na patasi. Nilimwambia kwamba mwamba si wangu. Kama mwenyekiti wa kamati ya maji, nililipeleka ombi lake mbele ya wenzangu baada ya maombi ya asubuhi.

Bibi Syombua, kiongozi wa kina mama wa mwethya, alisimama kabla sijamaliza. Alikuwa rafiki mkubwa wa Rael. Hapendi maneno marefu, na yangu ni marefu, naomba radhi.

"Mwalimu, sisi tunalia maji, wewe unatuletea fundi wa twiga?"

Watu walicheka. Nilieleza kwamba ni kwa ajili ya Rael. Kicheko kikakoma. Sikupendezwa na kukoma kwake. Nilihisi nimelitumia jina la marehemu kama fimbo. Hata hivyo walikubali. Sharti lao ni moja, na ni la haki. Ikiwa maji ya mvua ya kwanza yataingia tangini machafu kwa sababu ya kazi hiyo, basi kila mahali alipogonga patapakwa simiti.

Nilishika mkono wa Bibi Syombua nikashukuru. Alisema, "Usinishukuru. Nitayaonja mwenyewe."

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada mchungaji aliniuliza kama kitu hicho ni sanamu. Nilimjibu kwamba sijui bado.

Ijumaa, 19 Septemba

Sauti ya nyundo kila siku. Nukta, nukta, nukta. Kuku wameizoea. Mimi nimeizoea kiasi kwamba inapokoma ninainua kichwa.

Leo nilipanda mwambani. Magoti yaliniasi njiani, nikapumzika mara nyingi. Nilitarajia kuona uso. Niliona mikwaruzo. Vijishimo vidogo visivyohesabika, vya kina cha punje ya mtama, vimetapakaa juu ya jiwe kama ndui. Hapa kiraka, pale kiraka. Hakuna jicho, hakuna mkono, hakuna pua.

Nzioka alikuwa amepiga magoti. Alilowesha kidole gumba mate, akakipitisha juu ya jiwe laini, kisha juu ya jiwe alilogonga, akangoja. Alirudia. Alitabasamu peke yake.

Niliuliza kwa uangalifu yuko wapi Rael. Akasema, "Yupo. Yeye ndiye wa kwanza." Sikuona mtu. Nilisema, "Vizuri sana, mwanangu," nikashuka.

Nimevunjika moyo. Ninaandika hivyo kwa kuwa hakuna asomaye hapa. Ningepata kinyago kizuri cha mezani. Badala yake nina mwamba wenye ndui.

Jumanne, 30 Septemba

Amemaliza. Ameosha patasi, ameifunga kwenye gunia. Anarudi Emali kuuza vifaru kidogo, na atapanda lori la huku atakapoona mawingu.

Aliniachia maagizo mawili. La kwanza, pale alipogonga pasiguswe na mtu. La pili, mvua ya kwanza ikinyesha niketi kwenye jiwe la Mwaitu, wala nisiondoke ikiwa inanyesha. Ningoje ikatike.

"Watu wote hutazama mvua," alisema. "Wewe tazama baada ya mvua."

Nilimfungia mahindi ya kuchoma kwa safari. Mvulana mwema. Nasema mvulana, naye ana mvi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Joto la kupasua. Mbuzi wamesimama chini ya ghala, hawalali. Hakuna wingu.

Bibi Syombua alipita na punda wake akaketi nami barazani. Alisema alipanda Kavia jana. Unga wa jiwe umekaa katika kila kijishimo. Mvua ikipiga, unga huo utashuka wote tangini, na maji yatakuwa kama chai ya maziwa.

"Sina ubaya nawe, Mwalimu. Lakini simiti ipo. Mifuko miwili ilibaki."

Alisema hivyo huku akinimenyea embe. Alikuwa akimmenyea Rael vivyo hivyo. Alipoondoka nilikaa na kokwa mkononi muda mrefu.

Sipendi kazi ile. Nimekiri. Lakini alipotaja simiti, nilitaka kumkatalia. Rael yupo mahali fulani juu ya jiwe lile, na mimi simwoni, nao watamfunika kabla sijamwona. Nimeshangaa kuona ninavyojali.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku njema. Nimechoka kwa furaha.

Nililiwaza jambo la Bibi Syombua kwa wiki nzima, na jibu lilikuwa dogo kuliko wasiwasi wangu. Mwamba wa kukinga maji huoshwa kabla ya mvua. Ndivyo walivyofanya wazee wetu huku Kitui, hata kabla ya simiti, walipokinga maji ya mwamba kwa magome ya mti. Kwa nini Kavia usioshwe? Unga wa jiwe ukitoka, hakutakuwa na maji machafu. Pasipo maji machafu, hakutakuwa na simiti. Niliomba mwethya. Kina mama walikuja wengi, na mafagio, na brashi za waya, na mchanga wa mtoni, na nyimbo.

Nilisimama kama askari juu ya kila mahali alipogonga Nzioka. Niliamuru mafagio laini tu. Kila kijishimo kilifagiwa kwa upole, unga ukabebwa kwa karai. Hakuna patasi wala waya uliogusa kazi yake. Nililitimiza agizo lake la kwanza kikamilifu.

Penginepo tulisugua kwa nguvu. Karibu na ukuta wa tangi, mbele ya viraka vyote vya Nzioka, palikuwa na gamba kubwa la kijivu, lile linaloota juu ya mawe kwa miaka mingi, limekauka na kushikamana kama ukoko wa ugali. Uchafu mtupu, na mlangoni kabisa mwa maji yetu. Kiongozi mwema huchukua kazi nzito. Nilivua koti, nikachukua brashi ya waya na mchanga, nikalisugua mwenyewe. Bibi Syombua alipaza sauti, "Mtazameni Mwalimu! Rael aliolewa na mwanamume!" Nilicheka pamoja nao. Mikono ilitoka malengelenge. Nilipomaliza, jiwe chini yake lilikuwa jeupe na laini kama sahani.

Bibi Syombua alipitisha kiganja akasema, "Hapa ningeweza kula."

Namshukuru Mungu kwa siku hii.

Jumatano, 22 Oktoba

Nzioka amekuja. Mawingu yalionekana Emali.

Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Kavia, akaketi juu ya lile jiwe. Nilimfuata na kikombe cha chai, nikiwa na hamu ya kusifiwa. Nilimkuta amesimama.

"Nani ameng'oa lile gamba?"

Nilisema ni mimi. Nilisema kwa majivuno. Mungu anisamehe, nilimwonyesha malengelenge.

Aliketi chini, si juu ya jiwe, bali mavumbini. Kisha alisema kwa sauti ya kawaida kwamba lile gamba ndilo lililokuwa Mwaitu.

Hakumchonga. Alimkuta. Siku ile ya kwanza, alipofumba jicho hili na lile, alimwona kwenye gamba: mwanamke ameinama na mzigo, kama alivyopita njia hiyo. Alikata kingo kidogo tu kwa kisu, basi. Wanawake wengine, wale wa viraka, aliwagonga kwa patasi ili wamfuate yeye. Kwao Kathonzweni maji huchimbwa mchangani. Hawana mwamba wa kukinga maji, wala hajawahi kuona watu wakiosha jiwe. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu duniani angesugua mlima.

Nami haikunipitia akilini kwamba kuna mtu angeuona uchafu akamwona mke wangu.

Niliomba radhi. Sijui niliomba mara ngapi. Alisema, "Basi, Mwalimu. Basi." Nilimsikia amechoka nami.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemsugua kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa mchanga.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikwenda kanisani. Niliagiza kwamba tumbo linauma. Uongo.

Nzioka hajaondoka. Anakula, anapasua kuni, ameziba paa la ghala. Ananitendea kwa heshima, na heshima hiyo inaniuma kuliko matusi. Nilimwuliza kama anaweza kumrudisha. Alitikisa kichwa. Gamba la namna ile huota polepole kuliko maisha ya mtu. Angeweza kumgonga kwa patasi kama wale wengine, lakini angekuwa ni mtu wa kubuni. Yule alikuwa ni yeye.

"Sasa kuna wanawake wanamfuata mtu asiyekuwepo," alisema.

Nilimwomba angoje walau mvua, awaone hao wengine. Alikubali. Nadhani alikubali kwa kunihurumia.

Bibi Syombua ameambiwa. Alikuja na maziwa ya mgando, akanimiminia mwenyewe, akaenda zake.

Jumapili, 2 Novemba

Mawingu kila alasiri, kisha upepo, kisha hakuna. Ninaiogopa mvua niliyoiombea mwaka mzima. Ikinyesha nitaliona pengo.

Jumanne, 4 Novemba

Nitajitahidi kuandika kwa mpangilio, na ninaomba radhi nikishindwa.

Ilianza asubuhi baada ya chai. Matone makubwa kwanza, yenye harufu ya vumbi, kisha ikamwagika yote. Mimi na Nzioka tulikimbia hadi kwenye jiwe la kupumzikia tukiwa na magunia kichwani. Kijiji kizima kilikuja; kwa tangi, si kwa ajili yetu. Maji yaliteremka mwambani kwa kishindo, yakafuata ukuta, yakaingia. Yale ya kwanza yalifunguliwa yaende zake, kama ilivyo desturi. Kisha Bibi Syombua akaingiza kata, akanywa. Watu walisogea karibu. Akanywa tena. Akainua kata juu akapiga kigelegele.

Maji ni safi. Hakutakuwa na simiti. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nikiutazama mwamba, na mwamba ulikuwa maji matupu.

Mvua ilidumu hadi baada ya adhuhuri, ikakatika ghafla. Watu walianza kutawanyika. Mmoja aliuliza, pasipo ubaya, iko wapi ile kazi ya fundi wa twiga? Nzioka aliniashiria niketi. Jua lilitoka mawinguni upande wa magharibi, likaupiga mwamba.

Nimefundisha miaka mingi. Ninajua ubao uliofutwa kwa kitambaa kibichi unavyoonekana: mweusi wote, unang'aa, hauna neno. Ndivyo ulivyokuwa Kavia. Kisha, chini kabisa, karibu na ukuta wa tangi, ubao ukaanza kuandika.

Doa jeupe. Likapanda. Likawa mguu, na mguu mwingine uliotangulia. Likawa mgongo ulioinama, na mzigo juu ya mgongo, na ukanda umepita kichwani. Mwanamke mzima, mrefu kuliko mlango wa kanisa, mweupe kama chaki juu ya jiwe jeusi. Anatembea. Hakuwa na uso. Hakuhitaji uso.

Mahali pale nilipomsugua. Jiwe nililolilainisha lilikauka kabla ya mwamba wote.

Nilisikia maji yakidondoka tangini. Kisha Bibi Syombua, nyuma yangu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo:

"Ni Rael. Tazameni huo mguu."

Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukigeukia ndani kidogo alipobeba mzigo. Nilikuwa nimesahau. Miaka miwili nimelia kwa ajili ya pua, kumbe nimesahau mguu.

Vijana wawili walikimbilia mwambani wamwone kwa karibu. Walipofika walisimama wakazungukazunguka, wakaita kwamba hakuna kitu, ni jiwe tu. Bibi Syombua aliwafokea, "Rudini huku! Ukimkaribia hayupo!" Wakarudi mbio, wakageuka, wakashika vichwa.

Kisha mwamba wote ukaanza kukauka. Weupe ulipanda kutoka pembeni, ukamfikia, ukachanganyika naye. Aliondoka taratibu. Nilinyoosha mkono, ninaona haya kuandika. Na alipokuwa akiondoka, nyuma yake walitokea wengine. Wale wa patasi. Vile vijishimo vilikuwa vimeshika maji, vikabaki vyeusi jiwe laini lilipokuwa likipauka. Mmoja, na mwingine, na mwingine, mstari mrefu wa wanawake weusi wenye mizigo, wanashuka Kavia kuelekea tangini. Yule waliyekuwa wakimfuata alikuwa ameshafika.

Wanawake walijitambua. "Yule mimi! Tazama kiuno!" "Wewe? Kiuno hicho ni cha mama yako!" Walicheka na kulia, wakashikana mikono. Mchungaji alivua kofia. Hakuuliza tena kama ni sanamu.

Nilimtazama Nzioka. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi shingoni.

"Sikumfanya hivyo," alisema. "Mimi ningemfanya mweusi kama wao. Angekauka pamoja nao."

Nilisema kwamba mimi pia sikumfanya.

Tulikaa pale hata wa mwisho alipopauka jioni. Sijapata kuwa katika nyumba ya ibada iliyonyamaza namna ile.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua tena mchana. Jua tena. Alikuja tena, wa kwanza, na kuondoka wa kwanza. Nilidhani jana ilikuwa ni rehema ya mara moja. Nimepiga magoti matopeni kama mtoto. Suruali imeharibika.

Ijumaa, 7 Novemba

Kamati ilikutana chini ya mwamba badala ya ofisini. Mifuko miwili ya simiti itatengeneza ngazi ya tangi.

Nilimwuliza Nzioka mbele ya wote swali lililokuwa likiniogopesha: je, atadumu? Alijibu kwa ukweli. Wale wa patasi watadumu kuliko sisi na watoto wetu. Lakini gamba litaota tena. Jiwe jeupe litachafuka mwaka hadi mwaka, litakawia kukauka, naye atafifia. Alisema yuko tayari kugonga mstari kumzunguka ili abaki.

Nilimshukuru, nikamwomba asifanye hivyo. Nilisema mwamba huoshwa kila mwaka kabla ya mvua. Hiyo ni desturi yetu, na mahali pale pataoshwa kwanza, kwa waya na mchanga, na kazi hiyo ni yangu.

"Na magoti yakikukatalia?" Bibi Syombua aliuliza.

Sikuwa nimefikiria hilo.

"Nitamsugua mimi," alisema. "Yeye alinisugua mgongo mtoni tangu tukiwa wasichana. Deni ni deni. Na mimi nikifa, hawa." Akawaonyesha wenzake kwa kidevu, nao wakaitikia kama wanavyoitikia wimbo.

Nilitaka kusema maneno ya kufunga kikao. Hayakuja. Tulifunga bila maneno.

Jumapili, 9 Novemba

Ibada. Kisha chai na Nzioka. Amepanda lori la Emali kabla ya adhuhuri. Aliniomba radhi kwa ile siku aliyoketi mavumbini. Nilimwomba radhi tena kwa lile gamba. Tulishindana hivyo hadi dereva akapiga honi.

Punda hakwenda mtoni leo. Nilimpeleka tangini, umbali wa wimbo mmoja tu. Alisimama mahali njia inapogawanyika akataka kuendelea kule kwa zamani, nikamvuta.

Mvua haikunyesha. Kavia umekauka, ni jiwe tupu. Niliketi pale chini kwa muda hata hivyo, nikitazama mahali alipo.

Jioni nimeosha brashi ya waya, nimeikausha kwa kitambaa, nimeiweka mezani, kati ya Biblia na taa.